Windows 10 imefika ukomo: Vyama Rungwe vihesabu kazi kabla ya kununua kompyuta

TAREHE 14 Oktoba 2025, kampuni ya Microsoft ya Marekani ilisitisha utoaji wa kawaida wa marekebisho ya bure ya usalama kwa mfumo endeshi wa Windows 10. Kwa chama cha msingi cha wakulima wa chai au duka la pembejeo mjini Tukuyu, habari hiyo inaweza kuonekana ni ya mbali. Lakini kompyuta ya ofisini ndiyo yenye orodha ya wanachama, kilo zilizopimwa na madeni ya mbolea.

Kompyuta hizo hazikuzimika siku hiyo. Zinawaka na kuchapa barua kama kawaida. Kilichokoma ni kuziba mianya ambayo wezi wa mtandao na virusi hupitia. Mei 2017, kirusi cha WannaCry kilifunga mafaili katika nchi nyingi na kudai fidia. Kompyuta nyingi zilizoathirika zilikuwa hazijawekewa marekebisho ambayo Microsoft ilikuwa imeyatoa tangu Machi mwaka huo.

Mbele ya kamati za vyama na wafanyabiashara zipo njia tatu. Ya kwanza ni kuhamia Windows 11. Mwenye Windows 10 yenye leseni halipii tena, lakini mashine lazima iwe na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0 na prosesa iliyomo katika orodha ya Microsoft, kwa kawaida zile zilizotoka kuanzia mwaka 2018 hivi. Kompyuta nyingi za mtumba ni za zamani kuliko hizo, hivyo njia hii humaanisha kununua mashine nyingine.

Njia ya pili ni kulipia nyongeza ya muda. Microsoft ilitangaza kuwa taasisi zitalipa dola 61 za Marekani kwa kila kompyuta mwaka wa kwanza, bei ikiongezeka maradufu kila mwaka kwa muda usiozidi miaka mitatu. Kwa chama chenye mashine kuukuu, huko ni kununua muda tu.

Njia ya tatu ni kuweka mfumo wa Linux, kama vile Ubuntu au Linux Mint. Hautozwi leseni na hufanya kazi vizuri katika mashine nyingi zinazokataliwa na Windows 11. Hata hivyo, gharama ya kuhama haiishii kwenye bei ya mfumo. Ipo katika kazi zinazofanywa na mazoea ya anayezifanya.

Baadhi ya kazi huhama bila taabu. Ritani za TRA, zabuni za mfumo wa NeST ulioanza mwaka 2023 na barua pepe hufunguliwa kwa kivinjari cha intaneti, na Firefox na Chrome zote zipo katika Linux. Barua, mihtasari ya vikao na majedwali ya mapato huandikwa kwa LibreOffice, ambayo hufungua mafaili ya Word na Excel. Tatizo ni kwamba mpangilio wa kurasa huweza kuhama kidogo, na majedwali yenye kanuni ngumu huhitaji kukaguliwa moja moja.

Kazi nyingine hugoma. Programu ya uhasibu ya Tally imetengenezwa kwa ajili ya Windows. Baadhi ya prinita na mashine za risiti zinazounganishwa na kompyuta nazo hutegemea programu za Windows. Chama kinachofunga hesabu zake kwa Tally hakiwezi kuhama kwa sababu tu Linux ni ya bure.

Mazoea nayo yana nguvu. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi ya bure iliyokuwa kwa Kiswahili. Pamoja na faida hiyo, Word na Excel ziliendelea kutawala maofisini. Karani aliyefundishwa Word hutafuta kitufe pale alipokizoea, na mteja wa stesheneri huja na faili la Word kwenye flashi akitaka litoke kama alivyoliandika.

Kwa hiyo, kabla kamati haijapitisha fedha za wanachama, karani aorodheshe kazi zote za mwezi mmoja na programu inayotumika kwa kila moja. Kama zote ni za kivinjari, barua na majedwali, Linux ijaribiwe kwa kuiwasha kutoka kwenye flashi bila kufuta kitu, na prinita ijaribiwe hapo hapo. Kama Tally au mashine ya risiti imo, mashine moja inayokubali Windows 11 inunuliwe kwa kazi hiyo, na zile kuukuu zibaki na kazi nyepesi kwa Linux.

Kwa njia yoyote itakayochaguliwa, mafaili yanakiliwe kwanza kwenye diski ya nje na kufunguliwa katika kompyuta nyingine kuhakikisha yanasomeka. Msimu wa mavuno si wakati wa kubadili mfumo, kwa kuwa malipo ya mkulima hayawezi kusubiri karani ajifunze. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao.