Mfumo wa mikopo unamfaa nani?

Benki zinaposifu mifumo ya kompyuta inayosaidia kuamua nani akopeshwe, hoja huwa zilezile. Mkazi wa Mwitongo, Butiama, nyumbani kwa Mwalimu Nyerere aliyetaifisha mabenki mwaka 1967, ana haki ya kuzikagua.

Hoja ya kwanza: jibu hutoka papo hapo. Ni kweli, na tangu M-Pawa, huduma ya mikopo kwa simu, ilipoanza mwaka 2014 mtu wa Butiama anaweza kukopa bila nauli ya kwenda Musoma. Lakini uamuzi mbaya ukiharakishwa hubaki mbaya. Katika matokeo ya utafiti wa taasisi ya CGAP ya mwaka 2018, asilimia 56 ya waliokopa kidijitali Tanzania walisema waliwahi kuchelewa kulipa, na asilimia 31 walishindwa kulipa.

Hoja ya pili ndiyo nzito: mikopo chechefu ikiwa chini ya asilimia 5, kiwango kinachotakiwa na Benki Kuu, basi mfumo umefaulu. Sikubali. Hesabu hiyo ni ya waliopewa tu. Aliyenyimwa hana marejesho ya kukagua, kwa hiyo benki inaweza kupata takwimu safi kwa kunyima wengi. Mvuvi wa dagaa wa Musoma huingia ziwani usiku wa giza. Mbalamwezi ikiangaza, taa hazivuti dagaa, mitumbwi hupumzika na akaunti hutulia. Mkulima wa pamba wa Bunda husubiri msimu wa mauzo. Mfumo uliozoeshwa mishahara ya kila mwezi utawahesabu wote wawili kuwa hatari, na kosa hilo halitaonekana kwenye ripoti yoyote. Kipimo kipo: baadhi ya walionyimwa wachaguliwe kwa bahati nasibu, wapewe mikopo midogo yenye marejesho yanayofuata mwezi wa angani au msimu wa pamba, kisha tuone nani analipa.

Hoja nyingine: eti maafisa mikopo wote wanautumia mfumo huu? Wamelazimishwa. Afadhali kuhesabu ni mara ngapi afisa alipinga alama za mfumo, kwa sababu gani, na mwaka ukiisha nani alikuwa sahihi.

Husemwa pia kwamba wateja hawalalamiki. Mtu asiyeambiwa sababu atalalamikia nini? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imegusa maamuzi yanayofanywa na mitambo. Basi kila anayenyimwa apewe sababu kwa Kiswahili, na benki ihesabu ni maamuzi mangapi yalibadilika baada ya mteja kujieleza.