Bendera: Aliyeweka bunduki chini anataka kusoma, nani atamlipia?

Bendera iko takriban kilomita 120 kaskazini mwa mji wa Kalemie, kwenye barabara ya kitaifa namba 5 inayopanda kuelekea Fizi. Watu wa mbali wanaijua kwa mambo mawili. La kwanza ni umeme: maji ya mto Kyimbi yanazungusha mashine za kituo kilichojengwa wakati wa Wabelgiji, na umeme wake ndio unaowasha taa za Kalemie. La pili ni bunduki. Tarehe 29 Juni 1965 wapiganaji wa Simba pamoja na Wacuba wa Che Guevara waliishambulia kambi ya Bendera, wakashindwa vibaya. Tangu siku zile hakuna kizazi ambacho hakikuona vijana wake wakipanda milimani na wengine wakishuka: Simba wenyewe, makadogo wa AFDL mwaka 1996, Mai-Mai wa vita vya 1998, na leo makundi kama Yakutumba na Apa na Pale.

Kushuka mlimani kuna utaratibu unaojulikana. Kijana anatoa silaha, jina linaandikwa, picha inapigwa, anapewa karatasi. Baada ya hapo utaratibu unaisha. Akiulizwa anataka kufanya nini, wengi hutaja cherehani, pikipiki, shamba. Lakini wapo wanaosema neno ambalo programu za kusalimisha silaha hazijawahi kuwa na jibu lake: kusoma. Si kozi ya wiki sita ya useremala yenye cheti cha rangi. Wanataka kumaliza sekondari, kupata diploma ya serikali, na wengine kufika Chuo Kikuu cha Kalemie au ISP.

Congo imeshatumia pesa nyingi kwa wapiganaji wa zamani. CONADER, iliyoanzishwa mwaka 2003, ilirudisha katika maisha ya kiraia zaidi ya watu wazima 100,000. Kila mmoja alipewa dola 110 siku ya kutoka, kisha dola 25 kwa mwezi kwa muda wa mwaka mmoja. Pesa ile iliisha, na sehemu ya vijana ikarudi kule ilikotoka. Baadaye ukaja mpango wa kuwakusanya katika kambi za mbali: Kitona, Kamina, Kotakoli. Huko Kotakoli, kwa mujibu wa uchunguzi wa shirika la Human Rights Watch uliotangazwa Oktoba 2014, zaidi ya watu 100 walikufa kwa njaa na magonjwa, wapiganaji wa zamani pamoja na wake na watoto wao. Habari hiyo ilifika hadi porini, na waliobaki huko hawajaisahau.

Programu ya sasa, P-DDRCS, iliyoundwa kwa amri ya rais Julai 2021, ilitoa ahadi tofauti. Hakuna tena kambi za mbali wala vyeo vya bure jeshini. Mpiganaji anarudi kijijini kwake, na kijiji kizima ndicho kinachosaidiwa. Wazo ni zuri. Ila kijiji kinachosaidiwa bila shule inayoweza kumpokea kijana wa miaka 20 kimesaidiwa nusu.

Chukua mfano wa kijana aliyeingia porini akiwa darasa la tano. Anatoka ana miaka 19. Masomo ya msingi ni bure tangu Septemba 2019, na Katiba inasema hivyo katika kifungu cha 43. Lakini atakaa wapi? Kwenye benchi moja na mtoto wa miaka 11? Kuna vituo vya kufidia masomo, vile CRS, vinavyobana miaka sita ya msingi katika mitatu, na pale vilipo vinafanya kazi kubwa kwa uwezo mdogo. Akishinda mtihani wa mwisho wa msingi, hapo ndipo ukuta unapoanza. Sekondari si bure. Kuna minervali, kuna ada za serikali, kuna pesa za mtihani wa serikali, kuna sare na madaftari. Mzazi, kama bado yupo hai, ana wadogo zake wa kulipia kwanza. Na yeye mwenyewe mara nyingi ameshakuwa baba.

Pesa ya ada ikipatikana, matatizo mengine yanabaki. Karatasi: buletini ziliungua na nyumba, cheti cha kuzaliwa hakikuwahi kuwepo, na shule yenyewe aliyosoma ilikuwa kati ya zile zilizobomolewa katika mapigano ya Wabatwa na Waluba. Prefe hawezi kumwandikisha mtu asiye na karatasi, na safari ya kwenda Kalemie kuitafuta, kwa barabara ile, inagharimu siku na pesa. Usingizi: mtu aliyelala miaka saba akisikiliza risasi hakai kimya mwalimu anapogonga meza. Wenzake darasani wanajua alikotoka, au wanakisia. Akigombana na mtu uwanjani, kosa ni lake kabla ya kuulizwa. Na siku ya mavuno hayupo, kwa sababu familia inakula kwa jembe lake.

Kwa hiyo kinachohitajika si karo peke yake. Ni dawati dogo la msaada ndani ya shule mbili tatu za sekondari za eneo la Bendera, na jingine katika vyuo vya Kalemie, lenye mtu anayelipwa mshahara kwa kazi hiyo. Kazi zake zinajulikana: kufuatilia karatasi, kupanga masomo ya alasiri kwa wenye watoto na mashamba, kusikiliza, na kumpeleka hospitali anayehitaji daktari wa akili. Kwa Bendera, fani ya umeme ndiyo ingepaswa kuwa ya kwanza. Kituo cha Kyimbi kipo hapo hapo, mitambo yake imezeeka, na kijana wa kijiji anayeweza kuitengeneza atakuwa na sababu ya kuilinda.

Jambo moja lisichezewe: orodha. Daftari la wanafunzi waliokuwa wapiganaji likizagaa, linaweza kufika mikononi mwa askari anayelipiza kisasi, au mwa komanda wa zamani anayetafuta watu wake. Dawati liwe la kila mwanafunzi aliyeumizwa na vita, bila kuandika mlangoni nani alikuwa nani. Hilo linajibu pia swali gumu ambalo mama aliyechomewa nyumba ana haki ya kuuliza: kwa nini aliyechoma asomeshwe, na binti yangu aliyekimbia auze mihogo barabarani?

Swali hilo halijibiwi kwa kumwambia mama avumilie. Linajibiwa kwa kumwandikisha binti yake kwanza. Mkimbizi, yatima, msichana aliyebakwa, Mbatwa na Mluba, na yule aliyerudisha bunduki, wote wapite mlango mmoja na kwa masharti yale yale. Msaada unaowafuata wapiganaji peke yao unafundisha kijiji kwamba bunduki ina faida. Mashariki ya Congo imeshalisikia somo hilo mara nyingi mno.

Na pesa itoke wapi? Wafadhili wa nje wanapungua. MONUSCO, iliyokuwa ikigharimia miradi ya kupunguza ukatili kwenye jamii, ilifunga ofisi yake ya Kalemie katikati ya mwaka 2022. Lakini nchi si maskini kiasi kinachosemwa kila siku. Sheria ya Desemba 2022 iliunda mfuko wa fidia kwa wahanga, FONAREV, na mfuko huo umepewa asilimia 11 ya mrahaba wa madini. Sheria ya madini ya mwaka 2018 inaipa jimbo asilimia 25 ya mrahaba na eneo lenye mgodi asilimia 15, na inayataka makampuni yatenge asilimia 0.3 ya mauzo kwa maendeleo ya jamii. Tanganyika ina bati, koltani, na lithiamu ya Manono ambayo makampuni ya nje yanaigombania mbele ya mahakama. Kifungu cha 175 cha Katiba kinatoa asilimia 40 ya mapato ya kitaifa kwa majimbo. Kila gavana, wa jimbo lolote, analalamika kwamba hazifiki zote, na analalamika kwa haki. Hata hivyo, mishahara ya watu watano wa madawati na karo za wanafunzi mia moja si mzigo wa kulivunja jimbo.

Wamarekani, ambao leo wanabishana kuhusu fedha za wanafunzi waliotoka jeshini, walianza zamani. Sheria yao ya Juni 1944 iliwalipia askari waliotoka vitani karo, vitabu na posho ya mwezi, na mamilioni wakasoma. Kosa lao linafaa kutazamwa kuliko sifa zao. Sheria ilikuwa ya wote, lakini utekelezaji uliachiwa wakubwa wa majimbo, na kusini mwa nchi askari weusi wakakuta milango ya vyuo imefungwa. Tanganyika inaweza kurudia hilo kwa urahisi mkubwa. Sheria ya mwaka 2022 inalinda haki za Wabatwa, lakini kama kamati ya kuchagua wanafunzi itakaa bila Mbatwa hata mmoja, matokeo yanajulikana kabla ya kikao.

Kusubiri nako kuna bei yake. Goma iliangukia mikononi mwa M23 Januari 2025, Bukavu mwezi uliofuata, na Kalemie ikapokea waliokimbia. Wazalendo wanaitwa, na sheria ya jeshi la akiba ya mwaka 2023 imewapa wengi kofia halali. Kijana aliyeshuka mlimani mwaka jana anaona rafiki zake wakipanda tena, safari hii wakipigiwa makofi. Dawati la shule halishindani na makofi hayo kwa hotuba. Linashindana nayo kama mlango upo wazi siku anayofika, na karatasi zake zinashughulikiwa wiki hiyo hiyo.

Mwaka wa masomo unaanza Septemba. Wabunge wa jimbo wanaokaa Kalemie wana nafasi ya kuweka mstari mmoja katika bajeti, wenye jina la shule, idadi ya walimu wa msaada na kiasi cha franka, ili wazazi wa Bendera wajue mwezi wa tisa nani wa kumdai.