NJIA YA HORI IFIKE NG'AMBO

Mgeni afikapo leo Darajani, mjini Unguja, huuliza daraja liko wapi, wala hapati wa kumwonyesha. Mahali hapo palipita hori, mkono wa bahari ulioingia kutokea Funguni na kupinda hadi karibu na Mnazi Mmoja, ukiutenga mji wa mawe na makaazi ya upande wa pili. Ndiyo asili ya jina la Ng'ambo. Katika enzi za ukoloni hori hilo lilifukiwa kipande kwa kipande, na juu yake ikapita njia kuu ambayo hivi sasa ni Barabara ya Benjamin Mkapa.

Tunaona wakati umewadia wa kuifanya njia ya hori hilo kuwa njia ya historia, itembewe kwa miguu kutoka Funguni hadi Mnazi Mmoja, yenye alama ardhini zionyeshazo ulipokuwa ukingo wa maji. Kazi hiyo haihitaji majengo. Inahitaji uamuzi, hasa uamuzi wa nani atashirikishwa.

Tangu Mji Mkongwe ulipoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, wageni huzungushwa vichochoroni, wakafika barabarani, wakarejeshwa. Utadhani walioishi ng'ambo ya maji hawakuwa na historia! Ilhali huko ndiko wananchi walikogoma kulipa kodi ya ardhi mwaka 1928. Huko ndiko watu walikokusanyika nyumbani kwa Siti binti Saad kusikiliza taarabu kwa Kiswahili. Huko yapo majumba ya Kikwajuni, yaliyojengwa baada ya Mapinduzi ya 1964 kwa msaada wa Ujerumani ya Mashariki, na yale marefu ya Michenzani ambayo kila Mzanzibari anayajua.

Hofu yetu, na hatuifichi, ni kuona mpango wa namna hii ukiandikwa ofisini, mabango yakaletwa tayari kwa lugha ya wageni, na wachuuzi wa Darajani wakapata habari siku ya kuondoshwa. Kuwauliza watu si jambo lisilowezekana: kitabu cha Ng'ambo Atlas, kilichotoka mwaka 2019, kimeonyesha ni hazina kiasi gani iliyomo mitaani. Kwa hiyo tunawataka watendaji wa Baraza la Manispaa na wa Mamlaka ya Mji Mkongwe waanzie barazani, pamoja na masheha na wachuuzi wenyewe. Vijana wa Ng'ambo wafunzwe kuongoza wageni, wala wasiwe wabeba mizigo tu. Mabango yatangulize Kiswahili. Na sehemu ya mapato irudi katika shehia ambazo njia inazipitia, kwa hesabu itakayosomwa hadharani.

Ipo faida nyingine, ambayo tunadhani hata wahandisi wataiafiki. Masika yakikaza, maji hutuama katika sehemu za bondeni. Alama za hori zingemkumbusha kila anayetaka kujenga kwamba hapo palikuwa bahari.

Wazee walioyaona maji hayo wakiwa watoto wamekwisha kupita miaka sabini. Masheha wa pande zote mbili za barabara wawaorodheshe sasa, na wapelekewe mtu wa kuwasikiliza na kuandika kabla ya masika yajayo.