Cheti cha Embe Huanzia Shambani

Watu wa Kunduchi, kwa kuwa ni wavuvi, hawahitaji kufundishwa maana ya methali isemayo samaki mmoja akioza wote wameoza. Sisi twaona kwamba methali hiyo yawahusu wenye miembe pia.

Tangu tarehe 14 Desemba, 2019, nchi za Umoja wa Ulaya hazipokei matunda mabichi kutoka nje bila cheti cha afya ya mimea. Yaliyosamehewa ni matano tu: nanasi, nazi, ndizi, tende na doriani. Kwa hiyo mwenye minazi na miembe katika shamba moja aweza kupeleka nazi zake huko bila cheti hicho, lakini embe lake halipiti. Hapa nchini cheti hutolewa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, chini ya Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020.

Wapo wanaodai kwamba huu ni urasimu wa kumkandamiza mkulima. Hatukubaliani nao. Nzi wa matunda mwenye asili ya Asia, aliyegunduliwa Afrika Mashariki mwaka 2003, hutaga mayai chini ya ganda. Embe laonekana zima, kumbe ndani mna funza. Kwa ajili ya nzi wa matunda, ndugu zetu wa Kenya walilazimika mwaka 2014 kusimamisha wenyewe kupeleka maembe Ulaya. Walirudi sokoni mwaka 2021, baada ya kazi kubwa ya kumdhibiti huko Makueni.

Hata hivyo, mkaguzi anayemngoja mkulima kwenye uwanja wa ndege amekwisha chelewa. Pale aweza kukataa mzigo, hawezi kuuponya. Funza huzuiwa shambani, kwa mitego na kwa kuokota na kufukia matunda yaliyoanguka. Wala mkulima mmoja hawezi kazi hiyo peke yake, maana nzi hajui mpaka wa shamba.

Kwa hiyo tunatoa rai kwamba mabwana shamba wa Kinondoni, pamoja na wakaguzi wa Mamlaka, wawafikie wakulima kabla maembe hayajakomaa, na kwamba ada na masharti yote yabandikwe kwa Kiswahili katika ofisi za kata. Nao wakulima na wafanyabiashara wasijaze masanduku kwa maembe ya shamba lisilokaguliwa. Cheti hutolewa kwa jina la Tanzania, na hasara ya udanganyifu wa mtu mmoja itawaangukia wakulima wote.