Msimsingizie Jini

Jini gani huyu anayewachagua vijana wa maskani tu? Nauliza kwa sababu nimechoka kusikia habari zake.

Kijana hajalala siku ya tatu. Kaziba dirisha kwa magazeti ili majirani wasimpeleleze. Chakula cha mamake hakigusi, anasema kimetiwa sumu. Usiku anajibizana na sauti asizozisikia mwengine. Chini ya kitanda pana vifuko vitupu vya muguka na maganda ya karanga, lakini ukoo mzima umekaa ukumbini ukichangishana pesa za mbuzi wa mganga.

Nyumba hii unaijua. Pengine ni yako.

Basi tusifichane. Ndani ya jani bichi la muguka, kama la miraa nduguye, mna kemikali iitwayo kathinoni, jamaa wa karibu wa amfetamini. Ikifika ubongoni huzichokoa seli zimwage dopamini kwa wingi, na ndiyo hiyo handasi: maneno mengi, macho kodo, usingizi umetoroka. Jani likikauka, nguvu hiyo hupungua kwa siku mbili hivi. Ndiyo maana magari yanayoliteremsha kutoka Embu hukimbia kama yamebeba mgonjwa mahututi. Mgonjwa mwenyewe hakimbizwi hivyo.

Si kila atafunaye huchanganyikiwa, najua. Utaniambia babu yako alitafuna miaka 40 na akafa na akili zake. Babu yako alitafuna kwenye harusi! Mjukuu anatafuna Jumatatu hadi Jumatatu, ameanza na miaka 13, na ubongo wake hautakomaa mpaka akaribie 25. Usiku ukiingia anatafuta bangi au kidonge cha kumshusha apate japo lepe la usingizi. Kukicha, jani tena.

Madaktari huiita hali hiyo saikosisi. Mara nyingi hutulia kwa dawa kama haloperidoli na kwa kuacha jani. Akilirudia jani, nayo humrudia. Na kila mwezi anaozungushwa kwa waganga ni mwezi ambao ugonjwa unaota mizizi.

Kisha siasa. Mei 2024, Gavana Abdulswamad Nassir alipiga muguka marufuku Mombasa. Kilifi na Taita Taveta zikafuata. Wiki haikuisha, Rais Ruto akatangaza kwamba marufuku hiyo ni batili, kwa kuwa sheria ya nchi inalitambua jani hilo kuwa zao la kilimo. Mahakama nayo ikaisimamisha. Vibanda vikafunguliwa.

Mkulima wa Mbeere, huko Embu, ana haki ya kula, simkatalii. Lakini yeye ana wabunge, ana mawakili, ana hesabu ya kila kilo. Mama wa yule kijana ana nani? Katika zogo lile mapato yalihesabiwa. Ushuru ulihesabiwa. Kura zilihesabiwa. Akili ya mtoto wa Kisauni, hapa Mombasa, ilihesabiwa na nani?

Uingereza ililipiga jani hili marufuku 2014. Vuka tu mpaka wa Lunga Lunga: upande wa Tanzania jani hili, wanaloliita mirungi, ni dawa ya kulevya, na ukishikwa nalo utaiona jela. Hapa kwetu ni zao.

Lakini tukiilaumu Nairobi peke yake tutakuwa wanafiki. Kikulacho ki nguoni mwako. Nani aliyemkodishia mwenye kibanda ile baraza iliyo hatua chache kutoka lango la shule? Nani humtuma mtoto, "Hebu nikimbilie, niletee ya 50"? Nani aliyezigawa karanga na muguka kwa sinia kwenye mkesha wa harusi ya mwanawe, kisha akajisifu kuwa vijana wamekesha naye? Ni sisi. Kodi ya kibanda tunaila, kijana akiharibika tunamsingizia jini. Mchuma janga hula na wa kwao.

Na wewe umelala!

Akianza kukesha na kumshuku kila mtu, mpeleke hospitali wiki hiyohiyo. Kitengo cha wagonjwa wa akili kiko Port Reitz, hapa hapa, wala si ng'ambo ya bahari. Usimfunge kamba. Usimfungie kwenye chumba cha uani ati posa ya dadake itaharibika. Posa gani ya kununuliwa kwa akili ya nduguye?

Na 2027 wagombea watakapokuja na fulana zao na kofia zao, usiwaulize kama muguka ni halali. Hilo watalijibu mpaka jua lituwe. Waulize kaunti ina vitanda vingapi vya wagonjwa wa akili. Waulize daktari wa akili anaonwa siku ngapi kwa wiki. Waulize dawa zikiisha kwenye famasi ya hospitali, mama auze nini.

Mwenye kibanda, huyo uliyemkodishia baraza, mpe notisi leo.