Mzigo wa Mama Mjamzito Si Kanda la Usufi

Kila inapozungumzwa habari ya mtoto aliyezaliwa na uzito mdogo, au aliyedumaa, kidole cha kwanza huelekezwa kwa mama. Husemwa kwamba hajui lishe, hajui usafi, amechelewa kwenda kliniki. Mabango huandikwa kwa ajili yake, mafunzo hutolewa kwake, na lawama humwangukia yeye. Sisi tunayapinga maoni hayo. Tunashikilia kwamba afya ya mtoto, tangu mimba inapotungwa, hutegemea sana namna jamii inavyogawa kazi na chakula nyumbani. Mgawo huo ni sehemu ya utamaduni wetu, na watu walioufanya wanao uwezo wa kuubadili.

Natutazame Iringa. Nyanda za juu za kusini ni ghala la taifa letu: huko hutoka mahindi, maharage na viazi vinavyolisha miji yetu. Hata hivyo, utafiti wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 wa mkoa huo walio chini ya miaka mitano, 57 walikuwa wamedumaa, yaani kimo chao kilikuwa kifupi kuliko kinavyoupasa umri wao. Kwa Tanzania nzima walikuwa 30 katika 100. Njombe na Rukwa, mikoa ambayo nayo hulisha wengine, ilikuwa na karibu nusu. Lau wingi wa mavuno ungalikuwa dawa inayotosha, watoto hawa wangalikuwa wa mwisho kudumaa. Wala hatuoni sababu ya kuamini kwamba mama wa Iringa ni mjinga kuliko wenzake.

Jambo hili lilikwisha kuonekana zamani. Mwaka 1973 nchi yetu iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya, na mwaka 1975 ile ya Chakula ni Uhai, na wananchi walijifunza mengi. Kisha, kuanzia mwaka 1984, mpango wa lishe uliosaidiwa na UNICEF na Shirika la Afya Duniani ulifanya kazi katika vijiji 168 vya mkoa wa Iringa, ambao wakati huo ulijumuisha Njombe. Wanakijiji waliwapima watoto wao uzito, wakakaa kitako kuulizana sababu za utapiamlo. Ikadhihirika kwamba upungufu wa chakula haukuwa sababu pekee. Mtoto mdogo ana tumbo dogo. Hawezi kushibishwa kwa ugali wa mara mbili kwa siku. Hutaka kulishwa kidogo kidogo mara nyingi, na wa kumlisha yuko shambani tangu alfajiri. Mwaka 1990 UNICEF ikaufanya mtazamo uliokomaa Iringa kuwa mwongozo wake kwa dunia. Kwa lugha ya jikoni twaweza kusema: chakula, malezi na huduma za afya ni mafiga matatu, likiondolewa moja, chungu humwagika.

Siku 270 za tumboni na siku 730 za miaka miwili ya kwanza hufanya siku 1000. Kimo na nguvu za akili zinazopotea ndani ya siku hizo ni vigumu sana kurudishwa baadaye. Je, hupitaje siku hizo katika nyumba nyingi za vijijini? Mjamzito huamka wa kwanza. Huteka maji kwa ndoo ya lita 20, nazo ni kilo 20 juu ya kichwa chake. Hulima, huchanja kuni, hutwanga, hupika. Na akisha kupika, hula wa mwisho, kinachobaki. Mahali pengine hukatazwa mayai, akiambiwa kwamba mwanawe atazaliwa bila nywele. Tunauliza: yai alilonyimwa mjamzito huenda wapi? Huliwa na mwingine, au huuzwa, na fedha yake haimrudii yeye.

Wapo watakaotujibu kwamba hizo ndizo mila zetu, na kwamba bibi zetu walilima na mimba zao wakajifungua salama. Waliojifungua salama ndio waliobaki kusimulia. Waliofia uzazini hawakuacha msimulizi. Tena mila zetu haziishii hapo. Kilimanjaro, mzazi alipumzishwa kwa miezi akipewa mtori, maziwa na nyama. Pwani, alitimiziwa arobaini yake: siku 40 za kukandwa kwa maji ya moto, za supu ya kuku na uji wa pilipili manga, bila kushika kazi nzito. Waliotuachia desturi hizo walitambua kwamba mwili unaozaa una haki yake. Mbona basi mtetezi wa mila huukumbuka mwiko wa mayai akaisahau arobaini? Ni kwa kuwa mwiko haumgharimu kitu, na arobaini humtaka ashike ndoo yeye mwenyewe.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ilimpa mwajiriwa wa kike siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, na siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Sisi watumishi wa ofisini twaiona haki hiyo kuwa jambo la kawaida. Lakini mwanamke mkulima ataiomba likizo kwa nani? Waajiri wake ni mumewe, wakwe zake, na sisi sote tunaokula mahindi yake. Kumwambia apumzike, pasipo kumwambia mumewe alichukue jembe, ni kumdhihaki.

Wahenga walisema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Walimu, ulizeni darasani ni nani ateka maji nyumbani mama anapokuwa mjamzito, na msiukubali upesi wimbo wa mila. Nanyi vijana wa kiume, msingoje kuwa mababa ndipo mjifunze kubeba ndoo. Tukiulinda utamaduni wa taifa, tuanze na ule uliompumzisha mzazi, tuuongeze umfikie na mjamzito, na hesabu ya kazi zake tuigawane leo.