Ngitili Zirudi Kwenye Mkutano wa Kijiji

Mwezi Septemba, Usukuma yote ikiwa imekauka, kuna vipande vya ardhi ambamo ng'ombe bado wanapata cha kutafuna. Nyasi zimekauka zikiwa zimesimama, zinamfika mtu magotini, na chini ya migunga yamedondoka maganda ambayo mbuzi huyaokota moja moja. Ukivuka ua wa minyaa, hatua ishirini tu, unakuta vumbi na alama za kwato. Mvua iliyonyesha huku ndiyo iliyonyesha kule, na udongo ni uleule. Tofauti imeletwa na makubaliano: upande mmoja watu walipatana kwamba tangu mvua za kwanza mifugo isiingie mpaka kiangazi kikolee. Ardhi iliyofungwa hivyo Wasukuma huiita ngitili. Ombi langu kwa ndugu zangu wa Shinyanga, Simiyu, Tabora, Singida na Dodoma ni kwamba makubaliano ya namna hiyo yajadiliwe upya katika kila kijiji, mwaka huu, maana kwa wakulima na wafugaji wa nyanda kavu sijaona kinga nyingine dhidi ya ukame iliyo ya bei nafuu kiasi hiki na ambayo faida yake imekwisha kuhesabiwa.

Tumekwisha kuona mambo yanavyokuwa ngitili zinapokosekana. Kati ya miaka ya 1920 na 1940 mapori ya Shinyanga yalifyekwa kwa maeneo makubwa ili kumwondoa mbung'o. Pamba ikafuata, ikadai mashamba mapya kila mwaka, mifugo ikaongezeka, na miaka ya 1970, watu walipohamishiwa katika vijiji vya pamoja, familia nyingi ziliacha nyuma maboma yao pamoja na ngitili zilizokuwa zikitunzwa kwa kanuni za wazee. Ilipofika katikati ya miaka ya 1980 mkoa huo ulikuwa ukiitwa jangwa la Tanzania. Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, na mwanzoni nguvu kubwa ilielekezwa kwenye vitalu na miche, mingi ikiwa ya miti ya kigeni. Mafanikio makubwa yalikuja maafisa walipowasikiliza wenyeji na kurudi kwenye ngitili. Chini ya ule udongo mtupu mizizi ilikuwa bado hai, ile ambayo Dodoma siku hizi wanaiita kisiki hai. Haikuhitaji kupandwa wala kumwagiliwa, ilihitaji kupumzishwa. Mwaka 1986 ngitili zilizojulikana rasmi zilikuwa kama hekta 600; mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimepita hekta 300,000, katika vijiji 833.

Kurudi kwa miti peke yake hakumshawishi mtu mwenye watoto wa kulisha, na ana haki ya kutoshawishika. Ndiyo maana kazi ya wanauchumi wa mazingira ina uzito hapa. Mwaka 2005 ulichapishwa utafiti wa Profesa Gerald Monela, mwanauchumi wa misitu wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, akiwa na wenzake. Waliuliza swali ambalo mama yeyote wa nyumbani angeliuliza: ngitili inaingiza nini ndani ya nyumba? Wakahesabu kuni, nguzo, nyasi za kuezekea, malisho, asali, uyoga, matunda na dawa za mitishamba, pamoja na vile vinavyotumika bila kupita sokoni, ambavyo hesabu za kawaida huviruka. Thamani yake ilifika wastani wa dola 14 za Marekani kwa mtu mmoja kwa mwezi, wakati ambapo matumizi ya mwananchi wa kijijini Tanzania yalikuwa wastani wa dola 8.50 kwa mwezi. Waliona pia kwamba muda wa kutafuta kuni ulipungua kwa saa 2 hadi 6 kwa siku. Saa hizo ni za akina mama na wasichana. Binti anayekuta kuni karibu na nyumbani anawahi kengele ya shule. Katika habari nzima ya ngitili, kwangu hiyo ndiyo faida nzito kuliko zote.

Watafiti hao hawakuficha hasara. Pori linaporudi wanyama nao hurudi, na uharibifu wanaoufanya ulikadiriwa kuwa wastani wa dola 63 kwa familia kwa mwaka. Si kidogo kwa mkulima. Lakini chukua familia ya watu sita: kwa wastani ule, ngitili inaipa thamani ya dola 84 kila mwezi, kwa hiyo hasara ya mwaka mzima inafidiwa kabla mwezi mmoja haujaisha. Na faida hizo hazitegemei mvua kwa namna mahindi yanavyoitegemea. Mvua ikikatika Februari, mahindi yaliyokuwa yanatoa mbelewele yamekwisha, hayana msimu wa pili. Mgunga wenye mizizi mirefu utadondosha maganda, nyuki watapata maua, na nyasi zilizofungiwa tangu Novemba zitamvusha ng'ombe mpaka mvua nyingine. Kuhimili mabadiliko ya tabianchi, kwa mtu asiye na bima wala akiba benki, maana yake ni kuwa na kitu kisichokufa siku ileile shamba linapokufa.

Wapo wanaosema ardhi haitoshi, watu wameongezeka, kufunga eneo ni anasa. Hoja hii ni ya kweli kwa nusu yake ya kwanza. Ila ardhi inayokanyagwa mwaka mzima haiongezi malisho. Inayapunguza, na mwenye mifugo hulazimika kuihamisha kwenda mbali, na huko ndiko migogoro na wakulima inakozaliwa. Kufunga kwa msimu si kunyang'anya. Malisho ni yaleyale, yanaliwa katika miezi ambayo hakuna mengine. Wengine wanauliza kwa nini tubebe sisi mzigo wa joto lililoletwa na viwanda vya wenzetu, ilhali moshi wa Afrika ni sehemu ndogo sana ya moshi wa dunia. Wana haki ya kudai, na Serikali yetu iendelee kudai fidia katika kila mkutano wa kimataifa. Lakini ng'ombe hasubiri fidia. Ngitili tunaifunga kwa ajili ya nyumba zetu wenyewe, na ingetufaa hata kama tabianchi isingebadilika.

Hoja inayonisumbua zaidi ni ya wanyonge. Ngitili nyingi ni za familia, na mwenye ardhi kubwa ana ngitili kubwa. Katika kiangazi kigumu hukodisha malisho kwa jirani ambaye hana hata ekari ya kufunga. Tukiacha mambo yaende hivyo, hifadhi itawatajirisha wachache na kuwafanya wengine waichukie, na pori linalochukiwa huchomwa moto. Kwa hiyo wito wangu hauishii kwa mwenye boma mmoja mmoja. Kila kijiji kiwe na ngitili ya pamoja, na wajane, vijana wasio na ardhi na wafugaji wenye mbuzi wawili watatu wapewe zamu ya kuitumia kwa maandishi, mbele ya mkutano.

Sheria inaturuhusu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 imeweka ardhi ya kijiji mikononi mwa halmashauri ya kijiji chini ya mkutano mkuu, na Sheria ya Misitu Na. 14 ya 2002 inakipa kijiji nafasi ya kutenga msitu wake wa hifadhi. Kinachokosekana ni wananchi wa kulidai jambo hili. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kukaa kila robo mwaka. Nendeni, akina mama hasa, mkiwa wengi, mtake ngitili iandikwe kwenye ajenda. Mpaka uelezwe kwa vitu vinavyoonekana: mkuyu, kilima, korongo. Sheria ndogo itaje tarehe ya kufunga, tarehe ya kufungua, faini, na faini hiyo inaingia mfuko gani. Usimamizi uwahusishe wazee wa dagashida, yaani baraza la jadi la Wasukuma, pamoja na sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, maana kanuni zao zinaheshimika kuliko bango. Anayekuja na mkataba wa kununua hewa ya ukaa asomewe masharti yake yote kwa Kiswahili mbele ya wote, na mkataba usitiwe saini siku hiyohiyo.

Nanyi mnaoishi mijini, ambako mkaa wa mapori hayo ndio unaoivisha maharage, mna sehemu yenu. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa Mei 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo 2034. Mwenye uwezo wa kuhama kutoka kwenye mkaa ahame sasa, na mwenye ndugu kijijini ampigie simu amuulize kama mkutano wa robo hii umeitishwa. Mvua za Novemba zikishaanza, nyasi hazitasubiri mpaka wa ngitili uwekwe.